Msimu wa Nile haukuwa mafuriko

Miezi michache iliyopita nilikuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi wangu wa somo la tafsiri. Kifungu nilichowapa kilikuwa cha Kiingereza, aya tatu tu kuhusu maisha ya wakulima wa Misri ya kale, nami nilikichagua kwa kudhani kwamba ni chepesi. Mwanafunzi mmoja, kijana aliyelelewa Budalang'i, aliandika kwamba kila mwaka Wamisri walikumbwa na mafuriko kwa muda wa miezi minne, nao wakasherehekea. Nilichukua kalamu nyekundu, nikalizungushia duara neno "wakasherehekea", nikaandika pembeni: "Haieleweki. Tazama tena." Nikamkata alama mbili.

Siku ya pili alikuja ofisini akiwa na karatasi mkononi. "Mwalimu," akaniambia kwa adabu, "hata mimi sikuelewa ni kwa nini mtu asherehekee mafuriko, lakini ndivyo kilivyoandikwa." Nikakisoma kifungu upya. Kijana alikuwa amesema kweli. Kosa, kama lilikuwapo, halikuwa katika sherehe bali katika mafuriko, na neno hilo ndilo ambalo mimi mwenyewe ningalilitumia bila ya kusita. Ndilo lililomo katika vitabu vyetu vya historia na ndilo walimu wetu wanaloandika ubaoni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza iwapo hatujawafundisha watoto wetu Misri isiyokuwapo.

Neno "mafuriko" linatokana na kitenzi "furika", nacho kina nasaba na "fura", yaani kuvimba. Kwa asili halina ubaya wowote; hata moyo huweza kufurika furaha. Lakini maneno hayaishi kwa asili yake peke yake. Huishi pamoja na majirani zake. Katika magazeti yetu watu "hukumbwa" na mafuriko. Mafuriko "husomba", "huangamiza" na "huacha familia bila makao". Nyuma yake hufuata "waathiriwa" na "msaada wa dharura". Aliyeziona mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, au zile za Machi hadi Mei mwaka 2024, hawezi kulisikia neno hilo asione paa la nyumba likielea majini. Mtoto aliyekulia kando ya Mto Nzoia, mto ambao umevunja kingo zake mara nyingi, ndiye wa mwisho kulaumiwa kwa kuandika "walikumbwa". Neno lilimvuta mwenzake, kama ilivyo desturi ya maneno. Sasa mweke mtoto huyo darasani, umwambie kwamba Misri ilikuwa na msimu uitwao "mafuriko", na kwamba dola ya miaka elfu tatu ilisimama juu ya msimu huo. Atayanakili hayo, atayakariri, atafaulu mtihani, na picha iliyomo kichwani mwake itakuwa ya watu waliokaa juu ya mapaa wakingojea mashua.

Ili tuipate picha iliyo sahihi yafaa tuanze na maji yenyewe. Wengi wetu tulifundishwa kwa fahari kwamba Nile ni mto wetu kwa kuwa unatoka katika Ziwa Victoria. Fahari hiyo si bure, kwani Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Mara yote humwaga maji yake humo. Maji ya ziwa hupita Jinja, yakapita Ziwa Kyoga na Ziwa Albert, kisha yakaingia katika kinamasi kikubwa cha Sudd huko Sudan Kusini, ambako karibu nusu yake hupotea hewani kwa jua. Yanayosalia huteremka kaskazini kwa kiasi kisichobadilika sana mwaka mzima. Hayo siyo yaliyoifunika Misri. Yaliyoifunika yalitoka nyanda za juu za Ethiopia, ambako mvua hunyesha kwa nguvu kuanzia Juni hadi Septemba, yakateremka kwa Nile ya Buluu na kwa mto Atbara. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayofika Misri hutoka huko, na karibu tope lote jeusi pia. Kwa lugha ya mwalimu wa shule, naweza kusema kwamba ziwa letu lilikuwa mshahara wa kila mwezi uliomzuia Mmisri asife kwa kiu, na Ethiopia ilikuwa mavuno yaliyokuja mara moja kwa mwaka.

Misri yenyewe hainyeshewi. Kule kusini, karibu na Aswan, mtu huweza kukaa miaka asilowe kwa mvua ya kutajika. Jambo hili ndilo linaloufanya ulimi wa Mmisri wa kale utofautiane na wetu. Sisi tukisema masika au vuli tunalitazama wingu, na hata kiangazi twakipima kwa kukosekana kwa wingu hilo. Mabaharia wa pwani nao waliugawa mwaka kwa pepo, kaskazi na kusi. Misimu yetu yote tumeisoma angani. Mmisri aliisoma miguuni pake. Mwaka wake ulikuwa na misimu mitatu, kila mmoja wa miezi minne, na majina ya misimu hiyo yalieleza ni nini mto na ardhi vilikuwa vikifanyiana.

Msimu wa kwanza uliitwa Akhet. Katika hieroglifi jina hilo liliandikwa kwa alama ya kidimbwi kilichomea maua ya yungiyungi, na sidhani kama kuna mtu awezaye kuitazama alama ile akafikiria maafa. Mto ulianza kuinuka pale Aswan mnamo Juni, ukapanda polepole hadi ukafikia kilele Agosti au mwanzoni mwa Septemba, ukaanza kushuka, na kufikia Oktoba na Novemba ulikuwa umerudi kitandani mwake. Haukuja usiku kama mwizi. Wakulima walikwisha kuligawa bonde kwa matuta marefu ya udongo, likawa na madimbwi makubwa makubwa. Maji yaliingizwa kwa mifereji, yakaachwa yatulie humo kwa wiki sita hivi, yakiwa na kina cha mita moja na nusu hivi, kisha yakafunguliwa yarudi mtoni. Katika muda huo tope lilituama, chumvi ya ardhini ikaoshwa, na ardhi ikanywa ikashiba. Vijiji vilijengwa juu ya vilima na miinuko, hata maji yanapojaa vikawa mithili ya visiwa.

Kujaa huko kulikuwa na jina lake la kuabudiwa, Hapy. Yafaa walimu walizingatie hili: Hapy hakuwa mto. Mto uliitwa Iteru. Hapy alikuwa kule kujaa kwenyewe, na alichorwa akiwa mwanamume mwenye tumbo kubwa na matiti, kitambi cha mtu aliyeshiba na anayeshibisha. Utenzi maarufu wa kumsifu ulinakiliwa na wanafunzi wa ukarani tena na tena, na nakala zao zimepatikana katika mafunjo na juu ya vigae vya vyungu, nyingine zikiwa na makosa mengi. Nawahurumia. Miaka elfu tatu na zaidi iliyopita palikuwa na mwalimu mwenye wino mwekundu na mwanafunzi aliyeandika asichokielewa.

Lakini nisiipendezeshe Akhet kupita kiasi. Mto huo uliogopwa kutoka pande mbili. Ukizidi, ulibomoa matuta na kuyayeyusha maghala ya matofali mabichi. Ukipungua, mashamba ya juu hayakulowa, na njaa ilikuwa na hakika. Kwa hiyo walipima. Jiwe liitwalo la Palermo, lililochongwa katika enzi ya piramidi, limeorodhesha kina cha mto mwaka baada ya mwaka kwa dhiraa, viganja na vidole. Dhiraa yao ya kifalme ilikuwa kama sentimeta 52, yenye viganja saba na vidole ishirini na vinane. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa hesabu ya namna hii, kwa kuwa lugha yetu ina dhiraa yake, ina shibiri na ina wanda. Kisiwani Elephantine, mkabala wa Aswan, ngazi za mawe zilizotiwa alama zingali zinaonekana hadi leo. Pliny, yule mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba dhiraa 12 zilikuwa njaa, 13 bado ni njaa, 14 zilileta uchangamfu, 15 utulivu na 16 furaha tele. Huko Vatican kuna sanamu ya Kirumi ya Nile akiwa mzee aliyelala, akipandwa na watoto kumi na sita, mmoja kwa kila dhiraa. Kutoka njaa hadi furaha ni dhiraa nne tu, yaani mita mbili na kidogo.

Mwanafunzi wangu aliniuliza watu walifanya nini wakati mashamba yamo majini. Jibu la vitabu vya zamani ni kwamba Farao aliwachukua wakajenge piramidi. Hilo lina ukweli ndani yake, ingawa si wote waliochukuliwa. Mwaka 2013 wanaakiolojia walipata huko Wadi al-Jarf, katika pwani ya Bahari ya Shamu, mafunjo ya zamani kuliko yote yenye maandishi yanayojulikana. Miongoni mwake mna kumbukumbu za kazi za msimamizi mmoja aitwaye Merer, aliyeishi katika utawala wa Khufu. Merer na watu wake wapatao arobaini walikuwa wakisafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza, siku hii wakipakia, siku ile wakilala njiani. Mashua zenye uzito ule ziliwezekana kufika karibu na ujenzi kwa sababu mto ulikuwa umejaa. Maji yaliyonywesha shamba ndiyo yaliyobeba jiwe.

Msimu wa pili, Peret, una jina linalotokana na kitenzi chenye maana ya kutoka au kuchomoza. Wataalamu hujadiliana ni nini kilichochomoza, ardhi kutoka majini au mche kutoka ardhini. Mimi nashuku kwamba mkulima aliyesimama matopeni hakuona haja ya kuchagua. Hapa ndipo haraka ilipokuwa. Tope lilipaswa kupandwa likiwa bado laini, kwani jua la Misri hulikausha likawa gumu na kupasuka. Wapimaji walikuja na kamba yenye mafundo, ya dhiraa mia, kuyarudisha mashamba katika mipaka yake, kwa maana mto ulikuwa umezifuta alama. Katika kaburi la Menna, karani wa mashamba ya mfalme, huko ng'ambo ya Luxor, wapimaji hao wangali ukutani na kamba yao, wakiipima nafaka kabla haijavunwa. Ng'ombe walikokota plau nyepesi, mpanzi akatawanya mbegu kwa mkono, kisha kondoo au mbuzi wakapitishwa shambani waikanyagie ndani. Herodotus anataja nguruwe. Walipanda ngano ya kale iitwayo emmer kwa mkate na shayiri kwa pombe, kitani kwa nguo, dengu, vitunguu na vitunguu saumu. Baada ya hapo hapakuwa na mvua ya kungojea. Ardhi ilikuwa imekwisha kunywa yote itakayokunywa hadi mavuno. Mtambo wa kuchota maji kwa mti na ndoo, ule tuliofundishwa kuuita shadufu, haukujulikana huko hadi miaka kama 1500 kabla ya Kristo, na hata hapo ulifaa bustani zaidi kuliko konde.

Sasa fungua vitabu vingi vya Kiingereza uone Peret imefasiriwaje: "majira ya baridi". Na Shemu, msimu wa tatu, imeitwa "majira ya joto". Ni tafsiri za kurahisisha, zilizotengenezwa kwa ajili ya msomaji wa Ulaya. Sisi nasi tunazipokea na kuzirudufisha, tukapata "kipupwe" na "kiangazi", na hivyo Mmisri amefasiriwa mara mbili na kupotoshwa mara mbili. Kipupwe chetu ni baridi ya Juni na Julai, wakati ambapo mto wa Misri ndipo unaanza kuinuka kutoka kina chake cha chini kabisa. Anayeiita Peret kipupwe amempeleka mkulima shambani na mbegu zake katika mwezi usiokuwa na tope.

Shemu ilikuwa na maana ya mavuno pia, na neno hilohilo lilitumika kwa nafaka iliyovunwa. Mundu wa mti uliopachikwa meno ya gumegume ulikata masuke, punda au ng'ombe wakapura, wanawake na wanaume wakapepeta. Kisha akaja karani. Karibu kila kaburi linaloonyesha mavuno linamwonyesha karani naye, ameketi na kalamu yake, akihesabu vipimo vinavyokwenda ghalani na vinavyokwenda kwa mwenye ardhi, kwa hekalu na kwa Farao. Kodi ya mwaka ilikisiwa mapema kwa kutazama kina cha mto. Mkulima aliyeona dhiraa 16 alijua kuwa makarani nao wameziona.

Nataka kukaa kidogo na mtu mmoja, kwa kuwa misimu bila ya watu ni orodha tu. Jina lake ni Heqanakht. Aliishi mwanzoni mwa nasaba ya kumi na mbili, karibu miaka 1950 kabla ya Kristo, akiwa kuhani mdogo wa kaburi la mkubwa mmoja na mkulima wa kukodi mashamba. Barua zake, alizoziandika akiwa mbali na nyumbani, zilipatikana huko Deir el-Bahri katika msimu wa uchimbaji wa 1921 na 1922 na msafara wa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York. Si barua za mfalme wala za mshairi. Ni za baba mwenye nyumba iliyojaa watu, mama mzee, wana, watumishi, na mke mpya ambaye wenyeji hawampendi. Anamwagiza Merisu akodi shamba lipi, alipe kwa nguo au kwa shayiri, na ailinde mbegu yake kama mboni ya jicho. Kisha inakuja orodha ya posho, kila mtu na kipimo chake cha nafaka. Inaonekana wamenung'unika kwamba posho imepunguzwa. Naye anawajibu, kwa ukali wa mtu mwenye hofu, kwamba posho imepimwa kulingana na mto. Je, kwani maji yamejaa sana mwaka huu? Nusu ya uhai, anawaambia, ni afadhali kuliko kifo kizima, na huko aliko watu wameanza kula watu.

Huenda alitia chumvi. Wazazi wenye kukata posho hutia chumvi. Lakini katika barua ile nimeona jambo ambalo vifungu vya vitabu havikuwahi kunionyesha. Kilichomtisha Heqanakht hakikuwa maji kuja. Kilikuwa ni maji kutokuja. Huzuni yote ya barua ile ni ya mto uliofupika. Vivyo hivyo Ankhtifi, mtawala wa kusini aliyeishi miaka mia moja na zaidi kabla yake, alijisifu kaburini kwake huko Mo'alla kwamba alilisha watu katika njaa. Wataalamu wengi wanalihusisha anguko la dola ya wajenzi wa piramidi, kwa sehemu, na miaka ya mto mfupi iliyoanza karibu miaka 2200 kabla ya Kristo. Katika lugha yetu, maji mengi ni mafuriko na maji machache ni ukame, na yote mawili ni majanga. Hatuna neno moja, la kila siku, kwa maji mengi yanayokuja kwa wakati wake na kwa kiasi chake.

Hapa pana kitendawili ambacho kama mwanaisimu siwezi kukipita. Miezi kumi na miwili ya siku thelathini ni siku 360. Wamisri waliongeza tano, zilizoitwa zile zilizo juu ya mwaka, na kuzifanya siku za kuzaliwa kwa miungu mitano, Osiris na nduguze. Jumla ni 365. Mwaka wa jua una karibu robo siku zaidi, na robo hiyo hawakuihesabu. Kila baada ya miaka minne kalenda ilitangulia kwa siku moja, na baada ya miaka kama 120 ilikuwa imetangulia mwezi mzima. Kuna barua ya hekalu kutoka Lahun, ya mwaka wa saba wa Senusret wa Tatu katika karne ya 19 kabla ya Kristo, inayotangaza siku ambayo nyota Sirius itaonekana tena alfajiri baada ya kufichika kwa takriban siku sabini. Kuonekana huko ndiko kulikotangaza ujio wa maji. Tarehe iliyotajwa ni siku ya 16 ya mwezi wa nne wa Peret. Hebu fikiria: mto unakaribia kuinuka, na karani anaandika "Kuchomoza".

Hawakubadilisha majina. Kwa karne na karne karani aliandika Akhet juu ya mavuno na Shemu juu ya matope, huku mkulima akiitazama nyota na mto wala asiusikilize mwezi. Mwaka 238 kabla ya Kristo, Ptolemy wa Tatu na makuhani wake walitoa amri huko Canopus iongezwe siku ya sita kila mwaka wa nne, wakieleza kwamba sikukuu za majira moja zitakuja kuangukia majira mengine. Amri haikushika. Ilibidi angojewe Augusto wa Roma, zaidi ya miaka mia mbili baadaye, ndipo kalenda ikatulia.

Msomaji wa pwani huenda anatabasamu. Wazee wa Uswahilini walikuwa na mwaka wao wa jua wa siku 365, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, na kwa miongo hiyo walijua lini kupanda na lini kusafiri. Wamisri nao waliugawa mwezi kwa kumi tatu. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwenziwe, kwani hesabu za vidole huzaliwa popote penye vidole. Ila jina Nairuzi, tulilolipata kwa Waajemi, ndilo hilohilo Wakopti wa Misri wanaloliita mwaka wao mpya, tarehe 11 Septemba. Wapo Wakopti wanaolihusisha na neno la kwao lenye maana ya mito. Nadhani wamekosea, na nadhani pia kosa lao lina mantiki, maana katika Misri ni nini kingine kingeanzisha mwaka? Nao mwongo wa siku, kama ule wa maneno, humdanganya mwenye kuuamini bila ya kuchungulia nje.

Basi tuseme nini darasani? Nimejaribu "gharika", nikaona Nuhu ameingia na safina yake. Nikajaribu "msimu wa maji", likawa pana mno. Mwishowe nimerudi pwani. Mvuvi wa Lamu husema maji yanajaa na maji yanakupwa. Hana hofu wala sherehe katika maneno hayo, bali anajua jahazi litaondoka lini. Nile ilijaa na kupwa mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo katika kazi zangu siku hizi naandika Kujaa kwa Akhet, Kuchomoza kwa Peret, na Mavuno kwa Shemu, huku nikilitaja jina la Kimisri kwanza. Mwalimu aliye na neno bora na alilete. Sina ubia na haya niliyoyachagua. Ninachoomba ni kwamba msimu usiandikwe ubaoni bila ya kazi yake. Akhet iandikwe pamoja na tuta, Peret na kamba na mbegu, Shemu na mundu na karani.

Alama mbili za yule kijana nilimrudishia, kisha nikampunguza moja kwa lile "walikumbwa". Akacheka, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Na sasa, Mwalimu, mto bado unajaa?"

Nikamwambia haujai. Bwawa Kuu la Aswan lilianza kujengwa mwaka 1960, na mwaka 1964 ndio uliokuwa wa mwisho kwa Kujaa kufika Misri kama zamani. Tangu hapo tope hutuama katika Ziwa Nasser, mkulima hununua mbolea, chumvi hupanda shambani isioshwe na kitu, na ufuo wa delta humomonyolewa na bahari. Wanubi makumi ya maelfu walihamishwa ili ziwa lipate nafasi. Kwa upande wa pili, Misri ilipata umeme, mavuno zaidi ya moja kwa mwaka, na miaka ya ukame wa Ethiopia katika karne iliyopita ikapita bila ya Heqanakht mwingine kukata posho. Huko juu, Ethiopia nayo ilianza bwawa lake kwenye Nile ya Buluu mwaka 2011 na kulizindua Septemba 2025, na ugomvi wa nani atafungua kilango lini umekuwa mrefu.

Mwezi wa Agosti Wamisri wangali wanasherehekea Wafaa el-Nil, kutimia kwa Nile, kando ya mto uliolala palepale ulipolala Aprili. Na wakulima wengi huko, Waislamu kwa Wakristo, wangali wanapanda na kuvuna kwa miezi ya Kikopti: Tut, Baba, Hatur, hadi Misra. Tut ni jina la Thoth, mungu wa makarani.